Rangi, Koo na Magunia ya Unga

Katika bidhaa zote anazozinunua mwanadamu kwa fedha yake, ni chache zenye siri ndefu kama rangi ya mchoraji. Anayenunua samaki wa jana pale Kilwa, kandokando ya Ziwa Mweru, huujua uozo wake kabla hajafika jikoni, na anayenunua kitambaa kibovu huutambua ubovu wake baada ya kukifua mara mbili. Lakini anayenunua rangi iliyoghushiwa huipaka, huifurahia, huiuza picha yake kwa bei njema, huzeeka, hufa na kuzikwa kwa heshima, na taksiri ya yule aliyeisaga rangi hiyo isidhihirike ila katika zama za wajukuu, nyekundu ikiwa imekwisha pauka, nyeupe imegeuka manjano, na nyeusi imepasukapasuka. Kwa sababu hiyo, kwa rai yangu, biashara ya zana za uchoraji, tangu ilipojitenga ikawa kazi mbali, imeshikwa aghalabu na koo, baba akimrithisha mwana na mwana akimrithisha mjukuu, kwani mnunuzi anahitaji dhamana ya mtu atakayekuwapo, na atakayeona haya, baada ya muuzaji na mnunuzi wote wawili kuiaga dunia, na dhamana ya namna hiyo haipatikani ila katika jina la ukoo lililopigwa chapa juu ya tyubu.

Ushahidi wa maneno haya unaning'inia katika majumba ya sanaa ya Ulaya. Mwaka 1888, katika mji wa Arles kusini mwa Ufaransa, Vincent van Gogh alikichora chumba chake cha kulala, na kuta za chumba hicho alizipaka zambarau kwa kuchanganya buluu na nyekundu. Leo kuta hizo ni za buluu, kwa kuwa nyekundu ile imeliwa na mwanga wa miaka, ikaiacha mwenzake peke yake. Mchoraji mwenyewe alikuwa na habari kwamba baadhi ya rangi mpya za siku zake hazikuwa na uthabiti, akazitumia kwa kusudi, akizidisha ukali wake ili muda ukizipunguza zibaki za wastani. Lakini muda ulipunguza zaidi ya alivyokadiria.

Msomaji wa Lubumbashi, au wa Kilwa, au wa Pweto, huenda akauliza habari hizi za Wazungu na tyubu zao zamhusu nini. Zamhusu kwa njia mbili, nami nitazieleza kila moja mahali pake: kwanza, katika udongo anaoukanyaga ndimo inamotoka madini iliyofanya mojawapo ya buluu zilizo bora, na pili, wachoraji wa mji wake wamekuwa kwa muda wa karne nzima wakifanya kazi yao pasipo nyumba yoyote ya rangi ya kuwatumikia, na jinsi walivyofanya ni kisa kinachostahili kuandikwa karibu na visa vya nyumba hizo.

Zamani mchoraji alijisagia rangi mwenyewe, au kwa usahihi zaidi alimsagisha mwanafunzi wake, kijana ambaye pengine alikaa miaka na mchi mkononi kabla ya kuruhusiwa kushika brashi. Unga wa rangi ulinunuliwa kwa muuza dawa, kwa maana udongo mwekundu, zebaki, salfa, majani na magome yote yalikuwa katika mitungi yake pamoja na dawa za homa na za tumbo. Na huko Firenze, katika siku za fahari ya mji ule, wachoraji walihesabiwa katika chama kimoja na matabibu na wauza dawa. Nasaba hii ya dukani haikupotea upesi. Nyumba ya Ufaransa inayojulikana kwa jina la Lefranc hujihesabia mwanzo wake mwaka 1720, kwa mtu aitwaye Charles Laclef, mfanyabiashara wa viungo wa Paris aliyeuza unga wa rangi pamoja na bidhaa zake nyingine. Na mtu aliyewahi kusimama katika duka la viungo la Unguja au la Mombasa, akaona manjano, zafarani na hina zimepangwa kwa vilima, hatastaajabu kwamba mtu wa viungo aligeuka kuwa mtu wa rangi.

Kilichoifanya biashara hii isimame peke yake ni jambo dogo, nalo ni chombo cha kuhifadhia. Rangi ya mafuta iliyosagwa hukauka ikiachwa wazi, na kabla ya karne ya kumi na tisa ilitiwa katika kibofu cha nguruwe kilichofungwa uzi, ambacho mchoraji alikitoboa kwa msumari na kukikamua. Kikapasuka, kikavuja, na kilichobaki kikagandamana. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja, John Goffe Rand, aliyekuwa mchoraji akikaa London, alisajili haki ya tyubu ya bati inayokunjika, na nyumba ya Winsor & Newton ya London ikawa miongoni mwa za kwanza kuitumia. Nyumba hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1832 katika mtaa wa Rathbone Place na watu wawili waliokamilishana, William Winsor mwenye elimu ya kemia na Henry Newton mwenye mkono wa uchoraji. Inasimuliwa kwamba Winsor alimkabili mchoraji mkubwa Turner, akamlaumu kwa kupenda rangi zisizodumu, naye Turner akamjibu kwa ukali kwamba kazi yake ni kutengeneza rangi, asijitie katika kazi ya mwenziwe. Kisa hiki, kiwe kweli au kiwe kimetiwa chumvi, kinaonyesha vizuri ugomvi wa kudumu baina ya mteja atakaye uzuri wa leo na fundi anayefikiri habari ya kesho. Na tukizitazama leo picha za Turner, ambazo baadhi ya nyekundu zake zimekwisha kuhajiri, hatuna budi kumpa Winsor haki yake.

Nyumba nitakayokaa nayo zaidi ni ya Ubelgiji, kwa kuwa historia imetuunganisha na nchi ile, tupende tusipende. Mwaka 1865 mtu wa kemia aitwaye Jacques Blockx alianza kutengeneza rangi za mafuta kwa njia iliyokusudiwa kurudisha uthabiti wa mabwana wa kale, akiona kwamba viwanda vya wakati wake, kwa tamaa ya faida, vilikuwa vikijaza rangi kwa nta, chokaa na takataka nyingine zilizoifanya tyubu kuwa nzito na picha kuwa dhaifu. Mwaka 1881 alitoa kitabu cha maelekezo kwa wachoraji, ambamo alieleza rangi ipi huchanganyika na ipi, ipi hukimbia mwanga, na kwa nini. Na tangu siku hizo hadi sasa nyumba imebaki katika ukoo uleule, kizazi baada ya kizazi, ikifanya kazi vijijini katika jimbo la Liège, mbali na makelele ya miji mikubwa. Salvador Dalí, ambaye hakuwa mtu mwepesi wa kumsifu mwingine, alimtaja Blockx kwa taadhima katika kitabu chake cha ufundi wa uchoraji cha mwaka 1948.

Ni vema tusimame kidogo juu ya jiwe la kusagia, kwa sababu siri yote ya koo hizi iko hapo. Unga wa rangi humwagwa juu ya bamba la marumaru au la kioo kinene, hufanyiwa kishimo katikati, na ndani ya kishimo hutiwa mafuta kidogokidogo. Kisha fundi huchukua mchi wenye kitako bapa na kuuzungusha kwa mwendo wa nambari nane, akiusambaza uji ule na kuukusanya tena kwa kisu kipana, muda mrefu, hata punje zote zivikwe mafuta na sauti ya mchi juu ya bamba ibadilike kutoka ukwaruzo kuwa mtelezo. Asipozidisha mafuta, rangi husimama wima kwenye ncha ya kisu. Akiyazidisha, picha itajikunja na kuwa manjano. Kila rangi ina kiu yake: buluu ya kobalti hunywa mafuta mengi, nyeupe ya risasi hunywa machache mno, na kilicho sawa kwa moja ni kosa kwa nyingine. Mashine za rola tatu zimechukua mahali pa mkono katika nyumba zote, lakini kipimo cha kiu hiyo bado hujulikana kwa jicho na kwa uzoefu, na ndicho ambacho baba humfundisha mwana bila ya kukiandika mahali popote ambapo mshindani anaweza kukisoma.

Mafuta nayo yana habari zake. Wengi hutumia mafuta ya kitani, ambayo hukauka vizuri lakini hugeuka manjano kwa umri. Nyumba ya Blockx ilichagua kwa sehemu kubwa mafuta ya mbegu za mpopi, mmea uleule unaotoa kasumba ingawa mbegu zake hazilevyi, kwa kuwa hayo hubaki meupe zaidi, na adhabu yake ni kwamba huchelewa kukauka. Mteja mwenye haraka hukasirika. Fundi aliye na jina la babu yake juu ya tyubu humwacha akasirike.

Nyumba ya Sennelier ya Paris nitaipitia kwa haraka zaidi, si kwa kuwa haina sifa, bali kwa kuwa sifa zake zimekwisha kutangazwa kote. Gustave Sennelier, naye mtu wa kemia, alifungua duka mwaka 1887 katika ukingo wa mto Seine, pale Quai Voltaire, likikabili jumba la Louvre na likiwa hatua chache kutoka chuo cha sanaa, mahali ambapo kila mchoraji alipita akitaka asitake. Mwaka 1949 mwanawe Henri alijiwa na mchoraji Henri Goetz na ujumbe kwa niaba ya Picasso, aliyetaka kijiti cha rangi atakachoweza kukitumia juu ya ubao, karatasi, chuma au chochote kile, pasipo kukitayarisha kwanza. Sennelier akakaa katika maabara yake mpaka akaipata pasteli ya mafuta ambayo nyumba inaiuza hadi leo. Msomaji aliweke akilini hitaji hilo la Picasso, la kuchora juu ya chochote, kwa maana alilolitaka yeye kwa hiari wachoraji wa mji wetu walilipata kwa dharura.

Sasa tuje kwenye madini. Mwaka 1802 waziri wa Ufaransa Chaptal alimtaka mwanakemia kijana, Louis Jacques Thénard, mtoto wa wakulima maskini, atafute buluu ya bei nafuu itakayochukua mahali pa ile ya jiwe la Badakhshan, ambayo kwa karne nyingi ilinunuliwa kwa bei ya dhahabu. Thénard alichukua chumvi ya kobalti na alumina, akazichoma pamoja kwa moto mkali, na kilichotoka tanuruni kilikuwa buluu safi isiyoogopa mwanga wala tindikali. Madini yenyewe katika karne ile ilitoka kwa wingi Saksonia na Norwe, baadaye Kanada. Lakini kuanzia miaka ya 1920 Katanga iliwatangulia wote. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kuanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, iliikuta kobalti imefungamana na shaba ileile, ikaipeleka kwa reli hadi pwani na kwa meli hadi Antwerp, na sehemu yake ikasafishwa katika kiwanda cha Olen, si mbali na bandari hiyo. Leo Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na ingawa sehemu kubwa huishia katika betri, na wauza rangi ni wateja wadogo mno katika soko hilo, buluu iliyomo katika tyubu za koo nilizozitaja haiwezi kuhadithiwa tangu karne ya ishirini bila ya kuitaja Katanga.

Katika jambo hili kuna kejeli, nami siwezi kuipita kimya. Mwaka 1926, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji aitwaye Georges Thiry, akiwa Bukama, mji wa reli juu ya mto Lualaba, aliona nyumba za udongo zilizochorwa picha kutani kwa udongo mweupe, mwekundu na makaa, akamtafuta mchoraji, naye alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Mkewe Lubaki, Antoinette, naye akachora, na kazi za mume na mke zikapelekwa Brussels kwa Gaston-Denys Périer wa wizara ya makoloni, zikaonyeshwa huko mwaka 1929, na katika miaka iliyofuata Geneva na Paris. Basi hapa ilikuwako aila ya wasanii, wenye mikono na macho, lakini karatasi na rangi vilikuwa vya kupewa; na ushirikiano wa Thiry na Périer ulipovunjika katika miaka ya 1930, majina ya Lubaki na mkewe yakatoweka katika kumbukumbu. Ukuta wa udongo haukuwa umemtegemea mtu yeyote. Mpemba, ule udongo mweupe ambao Waluba huupa heshima katika ibada zao, ulichotwa mtoni bila ya ruhusa ya ofisi.

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la bahari, alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, jina la Lubumbashi la wakati ule, akawapa vijana zana na kuwaacha wachore kwa njia zao, asiwaonyeshe mifano ya Ulaya. Kutoka hapo walitokea Pilipili Mulongoy, mwenye samaki, ndege na nyoka waliojaa ukingo hadi ukingo. Mwenze Kibwanga, ambaye picha zake zimejengwa kwa mistari mifupi iliyofumana. Na Bela Sara, aliyetoka Chad, ambaye aliitupa brashi mbali na kupaka kwa ncha za vidole vyake. Huyu wa mwisho nampenda kwa namna ya pekee, kwa kuwa katika makala nzima inayohusu zana za wachoraji yeye ndiye aliyeonyesha ni zana ngapi mtu anaweza kuzikosa. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na karakana ikaunganishwa na chuo cha sanaa alichokianzisha Laurent Moonens mwaka 1951.

Lakini mchoraji aliyekuwa nje ya chuo hakuwa na wa kumpa kitu. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akiziuza picha zake kwa makarani, walimu na wafanyakazi wa migodi waliozitundika sebuleni: picha ya mamba muntu, ile nguva ya mtoni iletayo mali, picha ya Kolonie Beleji, yenye mfungwa anayechapwa mbele ya bendera, vitu vya ukumbusho, kama wenyewe walivyoviita. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake kwa picha 101, akizieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga, na maelezo hayo yalitoka kitabuni mwaka 1996. Mchoraji mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Gunia la unga si kitambaa kibaya. Hufumuliwa mshono, hufuliwa mpaka herufi za kiwanda zififie, hukazwa juu ya fremu ya miti kwa misumari midogo, kisha hupakwa rangi nyeupe ya ukutani ili nyuzi zisinywe rangi ya picha, kwa maana rangi ya mafuta ikigusa nyuzi tupu huziunguza polepole hata zivunjike. Huko Waregem, nchini Ubelgiji, kuna nyumba ya ukoo wa Claessens, iliyoanzishwa mwaka 1906, mwaka uleule wa Union Minière, ambayo kazi yake yote ni kufanya jambo hilohilo juu ya kitani cha kwao. Na tofauti baina ya turubai yao na gunia la Tshibumba ni ubora wa uzi na idadi ya matabaka, si asili ya ufundi. Picha nyingi za mkusanyo wa Fabian zimo sasa katika jumba la makumbusho la Amsterdam.

Nyumba nyingi za zamani zimekwisha kuwatoka wenyewe. Winsor & Newton na Lefranc ziko leo chini ya kampuni moja kubwa; Talens ya Uholanzi, iliyoanzishwa Apeldoorn mwaka 1899, ilinunuliwa na Wajapani wa Sakura mwaka 1991. Zilizobaki mikononi mwa koo zao, kama Blockx, ni ndogo na za gharama, na hudumu kwa wateja wachache wanaojua wanachokitafuta.

Je, nyumba ya namna hiyo yaweza kuota Lubumbashi? Sioni kizuizi katika madini, kwa kuwa mji uliokwisha kuyeyusha shaba kwa zaidi ya miaka 100 hautashindwa na tanuru la nyuzi 1,200 za kuchomea buluu ya kobalti. Wala katika udongo, kwa kuwa mpemba, udongo mwekundu na makaa havihitaji ila kuoshwa, kuchujwa na kusagwa. Kizuizi kiko mahali pasipotarajiwa. Mafuta tuliyo nayo kwa wingi, ya mawese na ya karanga, hayakauki: rangi iliyosagwa kwa mawese itabaki na unato juu ya turubai mwaka mzima, ikikusanya vumbi na nzi. Kitani na mpopi si mazao yetu. Soya, ambayo wakulima wetu huilima, mafuta yake hukauka, japo kwa uvivu, na kobalti yenyewe, ikitiwa kidogo sana katika mafuta, huharakisha ukaukaji, jambo ambalo viwanda vya rangi vya dunia vimelitumia kwa muda mrefu. Mtu atakayeanza na aanze hapo, kwa chupa ya mafuta ya soya na chembe ya chumvi ya kobalti, juu ya kipande cha gunia, na aandike pembeni tarehe aliyopaka.